Ufagio na Ubao: Elimu na Ubaguzi wa Kasti katika Joothan ya Omprakash Valmiki

Uhakiki wa fasihi katika Kiswahili umezoea kutumia neno tabaka kwa mapana yake yote, na mara nyingi neno hilo limewatosha wahakiki. Linapohamishiwa Bara Hindi, hata hivyo, linaleta utata. Mtu wa tabaka la chini katika maana ya kiuchumi anaweza, angalau kinadharia, kulihama tabaka lake kwa kupata cheo, mali au shahada. Kasti ni jambo la kuzaliwa: hurithiwa pamoja na jina, huamua ndoa, kazi na kisima cha kuteka maji, wala haifutiki kwa mshahara. Tofauti hii ndiyo inayoipa uzito tawasifu ya Omprakash Valmiki, Joothan, iliyotoka kwa Kihindi mwaka 1997 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Arun Prabha Mukherjee mwaka 2003. Kitabu hiki kinaitia mizani imani kongwe ya wanamageuzi wa India, kwamba elimu ndiyo silaha ya kuivunja kasti, na hakikubali kuipitisha imani hiyo kijuujuu.

Imani yenyewe ina historia. Mwaka 1848 Jotirao Phule na mkewe Savitribai walifungua shule ya wasichana mjini Pune, na baadaye wakawafundisha pia watoto wa kasti zilizohesabiwa najisi. Mwaka 1855 Phule aliandika tamthilia ya Kimarathi, Tritiya Ratna, ambamo mkulima na mkewe mjamzito wanalaghaiwa na kuhani wa Kibrahmini mpaka wanapoamua kwenda kusoma katika shule ya usiku. Mwaka huohuo mwanafunzi wa shule za akina Phule, Muktabai, msichana wa kasti ya Mang, alichapisha gazetini insha kuhusu dhiki ya watu wake. Katika maandishi haya ya awali, ujinga ni giza na kitabu ni taa. Mara taa inapowashwa, kuhani hana pa kujificha. Hiyo ni dhamira safi, na kwa wakati wake ilikuwa ya kishujaa. Lakini mgogoro wa Tritiya Ratna unaishia mlangoni pa shule. Kinachompata mkulima baada ya kuingia darasani hakimo.

Mulk Raj Anand, katika riwaya yake Untouchable ya mwaka 1935, alimfikisha mhusika wake karibu na mlango huohuo. Bakha, kijana msafisha vyoo, anatamani kusoma. Kwa kuwa shule haimpokei, anapatana na mwana wa karani amfundishe kwa malipo ya ana moja kila somo. Tukio hili dogo ni miongoni mwa yenye kugusa zaidi katika riwaya nzima. Ajabu ni kwamba mwishoni Anand anamwekea Bakha njia tatu za wokovu, yaani Ukristo wa mmishenari, mahubiri ya Gandhi, na choo cha kuvuta maji kinachosifiwa na mshairi, na kitabu alichokitamani asubuhi hakimo hata katika moja ya hizo tatu. Riwaya inamsahau mwanafunzi na kumkumbuka msafisha vyoo. Haielekei kuwa ni bahati mbaya: Anand, msomi wa London asiyetoka katika kasti iliyobaguliwa, aliyaona mateso ya Bakha kwa huruma kubwa, lakini kwa jicho la mtazamaji.

Valmiki, aliyezaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Barla, jimbo la Uttar Pradesh, anaanzia pale waliotangulia walipokomea. Yeye ameingia darasani. Katiba ya mwaka 1950 ilikuwa imepiga marufuku desturi ya kuwatenga watu kama najisi, na kisheria mwana wa Chuhra alikuwa na haki ya kukaa mbele ya ubao. Alichokikuta humo ni ufagio. Mwalimu mkuu alimwamuru afagie vyumba vya madarasa na uwanja, kwa kuwa ndiyo kazi ya ukoo wake, akaendelea hivyo hadi siku ya tatu, baba yake alipopita na kumwona. Baba aliunyakua ufagio, akauliza kwa sauti kuu ni mwalimu gani huyo, mzao wa Drona, anayemfagilisha mwanawe.

Kauli hiyo yahitaji kusomwa kwa makini. Drona ni mwalimu wa upigaji mishale katika Mahabharata, aliyemdai Ekalavya, kijana wa msituni, kidole gumba cha mkono wa kulia kiwe ada ya mafunzo ambayo hakumpa. Baba wa Valmiki hakujua kusoma. Hata hivyo ndiye anayeutumia utenzi ule mkongwe kwa usahihi, tena papo hapo, mbele ya mwenye cheo. Mbele zaidi kitabuni, mwalimu mwingine anasimulia darasani, kwa machozi, jinsi Drona huyohuyo alivyokuwa fukara hata akamnywesha mwanawe unga uliokorogwa katika maji badala ya maziwa. Mtoto Omprakash anauliza: mbona wao walionyweshwa maji yaliyochujwa katika wali hawakutajwa katika utenzi wowote? Jibu analolipata ni fimbo. Mwalimu anaahidi kumwandikia utenzi mgongoni.

Matukio haya mawili yakiwekwa bega kwa bega, hoja ya Valmiki inajitokeza pasipo yeye kuitangaza. Mwalimu mwenye shahada amechagua umaskini wa Drona na kukiacha kidole cha Ekalavya. Mzee asiyejua kusoma amekumbuka kidole. Kwa hiyo si kweli kwamba shule ni nuru na nje yake ni giza, kama tamthilia ya Phule ilivyodokeza. Shule yenyewe ni uwanja wa mapambano, na mtaala ni sehemu ya silaha. Maisha ya Ambedkar, mbunifu mkuu wa katiba ileile, Valmiki hakuyapata darasani, bali katika kitabu alichopewa na rafiki.

Hata hivyo baba yule aliamini kwamba kwa kusoma mwanawe ataiinua kasti yao, na kauli hiyo inarudi kitabuni kama kiitikio. Tawasifu inaijibu kwa ukali. Valmiki anapata kazi katika viwanda vya silaha vya serikali, anaishi mjini, anaandika na kuigiza. Kwa kipimo cha uchumi amepanda tabaka. Msichana wa Kibrahmini anampenda mpaka anapojua kasti yake. Jamaa zake wengine wanaona haya kulitumia jina Valmiki kwa sababu linawafichua. Ndiko kulikomfika Ambedkar mwenyewe mwaka 1917 mjini Baroda, alipofukuzwa na watu wenye fimbo katika nyumba ya wageni ya Waparsi, ilhali alikuwa ametoka kusoma Chuo Kikuu cha Columbia. Mhakiki anayeshikilia tabaka peke yake atayaona haya kuwa masalia ya ukabaila yatakayotoweka. Joothan haimruhusu.

Kifani, kitabu hakilingani kote. Sura za utotoni zina nguvu. Zile za viwandani aghalabu zinageuka orodha ya dharau alizokutana nazo, na msomaji anabaki akitamani tukio moja lililochimbwa kama lile la ufagio. Anwani, kwa upande mwingine, imeteuliwa kwa ustadi, na Kiswahili kina neno lake barabara: makombo. Ni chakula kilichosalia katika sahani za wageni wa harusi, ambacho mama yake alikipokea kikapuni miaka nenda miaka rudi, hadi siku alipotukanwa akakimwaga.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika usawiri wa wanawake. Mama anapewa tukio hilo moja kubwa. Shemeji, mjane wa kaka mkubwa, ndiye aliyelitoa furungu lake la fedha ili mtoto aweze kuendelea na masomo ya darasa la sita wakati nyumba haikuwa na senti. Mwandishi analitaja tendo hilo kwa shukrani na kupita. Kama yeye mwenyewe aliwahi kutamani kukaa mbele ya ubao, Joothan haiulizi, ingawa zaidi ya miaka 140 kabla yake Muktabai alikuwa amekwisha kuandika.