Istilahi "Upungufu wa Umakini": Je, Inatosheleza Dhana?

Walimu na wafasiri wamekuwa wakituuliza kuhusu hali ya watoto ijulikanayo kwa kifupi cha Kiingereza ADHD. Tafsiri iliyozoeleka ni "upungufu wa umakini", na wengine huongeza "na utukutu". Tafsiri hiyo ni aminifu kwa maneno ya Kiingereza. Kwa dhana yenyewe, sivyo.

Hata huko ilikotoka, jina halikutulia. Mwaka 1968 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulitaja kuhangaika kwa mwili tu. Mwaka 1980 ukatanguliza umakini. Mwaka 1987 ukayaunganisha yote mawili. Kwa hiyo mfasiri anayeshikilia neno kwa neno anashikilia kitu ambacho wenyewe wamekibadilisha mara kwa mara.

Tumchukue mtoto mwenye kipaji. Nyumbani hufungua redio mbovu akakaa nayo saa tatu bila kuinua kichwa. Shuleni daftari lake la hesabu lina majibu sahihi yasiyo na njia, na nusu ya maswali hayakuguswa. Wazazi wakiambiwa kwamba ana "upungufu wa umakini" watauliza, na kwa haki, upungufu huo uko wapi. Kisha watarudi nyumbani bila kumwona mtaalamu. Mtoto mwingine humaliza kazi mapema akaanza kusumbua wenzake kwa sababu somo ni jepesi mno kwake, naye hupachikwa istilahi hiyo hiyo. Neno moja limewapotosha wazazi wa watoto wote wawili.

Yafaa ieleweke kuwa mwenye hali hii si kwamba hana umakini. Hushindwa kuutawala, ukaja asipouhitaji na kumkimbia anapouhitaji. Akili nyingi hazimkingi, bali zaweza kuficha tatizo kwa miaka. Vigezo vya mwaka 2013 vinataka dalili zidumu angalau miezi sita, baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya umri wa miaka 12, tena mahali pawili au zaidi. Anayehangaika katika somo moja tu hajatimiza masharti hayo.

"Utukutu" nao ni shutuma, si istilahi. (Kiswahili kina "mtundu", ambaye ni msumbufu na pia mbunifu, wahenga walikwisha kuona kwamba mambo hayo mawili hukaa nyumba moja. Lakini neno lenye sura mbili halifai katika cheti cha daktari.) "Ugonjwa wa akili" hatulijadili, kwa wasomaji wengi maana yake ni wazimu.

Kwa maoni yetu, "tatizo la udhibiti wa umakini na kutotulia" lingefaa zaidi. Ni refu, na wapo watakaolalamika. Hata hivyo mzazi akilisoma ataelewa ni kwa nini ile redio haikanushi lolote. Mwalimu anayemwandikia mzazi barua hahitaji hata istilahi hiyo: aandike mtoto anafanya nini, wapi, na tangu lini, na jina la hali amwachie daktari.