Amri Abedi na Ushairi wa Mwambao wa Ziwa: Kutoka Ujiji hadi Uvira

Sheikh Kaluta Amri Abedi (1924–1964) hukumbukwa zaidi kwa siasa, kwani ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kisha akawa Waziri wa Sheria. Hata hivyo, mchango wake uliodumu zaidi ni wa ualimu wa ushairi, nao umo katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954).

Inafaa ikumbukwe kwamba Amri hakuzaliwa pwani. Alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji mwaka 1858, wafanyabiashara walikuwa wamekwishatangulia, na Kiswahili kilifuata njia hizo. Sanaa iliyorithishwa kwa masikio huko Lamu, Mombasa na Pemba, Amri aliieleza kwa kanuni za vina, mizani na beti, ili asiyelelewa na malenga naye aweze kujifunza.

Je, kanuni hizo zinamfaa mtunzi wa Uvira? Huko husemwa “mutoto” na “batu” pale ambapo Kiswahili sanifu kina “mtoto” na “watu”. Yaweza kudhaniwa kwamba tofauti hizo huvunja shairi. La hasha. “M” ya “mtoto” ni mizani kamili; kwa hiyo “mtoto” na “mutoto” yote yana mizani tatu. “Watu” na “batu” yana mizani mbili kila moja, na kina chao ni kimoja, “tu”, kwa kuwa tofauti imo mwanzoni mwa neno, ilhali kina huangaliwa mwishoni.

Kasoro ya kitabu iko kwingine. Kwa kuweka mkazo mkubwa juu ya umbo, kiliwapa wanamapokeo silaha dhidi ya mashairi huru, hasa baada ya Kichomi cha Kezilahabi (1974). Mlango uliofunguliwa kwa watu wa bara ukatiwa komeo na wengine.

Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, lakini masomo ya sekondari hutawaliwa na Kifaransa. Mwalimu wa Uvira atakayemrithi Amri kwa haki ni yule atakayehesabu mizani za “mutoto” kabla ya kulisahihisha neno lenyewe.