Anayepanga Zamu

Siku za mwanzo baada ya maafa, wanaotaka kusaidia huwa wengi kuliko kazi iliyo tayari. Wanakuja na magari, mafurushi ya nguo na masufuria ya chakula, wengine wamebeba watoto mgongoni. Wiki ya sita kazi imejaa tele na watu hawaonekani. Hapo katikati pana ufundi ambao sijapata kuusikia ukiimbiwa wala kupewa nishani, nami nataka niusifu waziwazi: ufundi wa mtu anayepokea nia njema ya waumini na kuigeuza kuwa zamu, funguo, namba za simu na sinia za mikate zinazofika kwa wakati.

Nimeujulia ufundi huu Stockholm, mji usiopigwa na vimbunga vya aina ya vile vinavyotuandama Bahari ya Hindi. Kilichoufikia, vuli ya mwaka 2015, ni watu waliong'olewa makwao: Wasyria, Waafghani, Wairaki, Waeritrea, Wasomali. Mwaka ule watu 162,877 waliomba hifadhi Uswidi, na zaidi ya 35,000 kati yao walikuwa watoto waliosafiri bila mzazi. Usiku baada ya usiku walishuka Stesheni Kuu ya Stockholm. Wengine walitakiwa wapelekwe Märsta, karibu na uwanja wa ndege wa Arlanda, kwenye kituo cha kuwapokea waomba hifadhi. Wengine hawakutaka kubaki. Waliulizia njia ya kwenda kaskazini hadi Haparanda ili wavuke mpaka waingie Ufini. Mtu aliyeshuka saa tano usiku, na mtoto amelala begani, alihitaji kujibiwa palepale, kwa lugha anayoielewa.

Waliomjibu hawakuwa wa kanisa peke yao, na ni haki kulisema hilo. Mtandao wa raia uliojiita Refugees Welcome Stockholm ulisimama pale stesheni, na Msalaba Mwekundu ulikuwapo. Kisiwani Södermalm, msikiti ulio karibu na uwanja wa Medborgarplatsen uliwafungulia wageni walale, na usharika jirani wa Katarina ukashirikiana nao. Lakini makanisa yalikuwa na kitu kimoja ambacho umati wa siku ile haukuwa nacho: watu waliokwisha kuizoea kazi.

Chukua kanisa la Klara, ambalo mnara wake wa mita 116 umesimama hatua chache tu kutoka stesheni. Kwa miaka mingi kabla ya 2015 waumini wake walikuwa wakitoka na kahawa na mikate kuwatafuta wasio na makazi na walionaswa na dawa za kulevya. Mchungaji aliyeijenga sana huduma hiyo, Carl-Erik Sahlberg, alikuwa amefanya kazi Tanzania na kuandika historia ya Kanisa nchini humo, kitabu kilichochapwa Nairobi mwaka 1986. Napenda kuamini kwamba sehemu ya mazoea yale, ya kumwita mtu jina lake kabla ya kumpa kikombe, ilitoka kwetu. Na nyuma ya Klara kuna mizizi mirefu zaidi: mwaka 1851 jijini hapa kilianzishwa chuo cha mashemasi wanawake kinachojulikana leo kwa jina la Ersta, na kiongozi wake wa kwanza, Marie Cederschiöld, alikwenda kwanza Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza. Miaka miwili baadaye ikaanzishwa Stockholms Stadsmission. Watu hawa waliamini kwamba kuhudumia ni jambo la kusomea, na kwamba moyo mwema peke yake hautoshi.

Mratibu ninayemwona akilini ninapoandika alikuwa shemasi, mwanamke wa makamo, amevaa lile shati la kijani la mashemasi wa Kanisa la Uswidi. Meza yake pale stesheni ilikuwa na vitu vitatu: daftari la mistari, kalamu ya wino mzito, na utepe wa karatasi unaotumiwa na wapaka rangi. Kila aliyekuja kujitolea alikatiwa kipande cha utepe, akaandikiwa jina lake na chini yake lugha anazozijua, akabandikwa kifuani. Dada yule hakuuliza, "Unataka kufanya nini?" Aliuliza mambo mengine: Unaweza kuja lini tena? Una leseni ya gari? Una mtu nyumbani anayekungoja? Umewahi kufanya nini ukiwa na watu wengi?

Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya niache kazi yangu nikasikiliza. Mama mmoja kutoka Bukavu alikuwa amefika na shoga yake wa kwaya. Alijua Kiswahili, Kimashi na Kifaransa, na Kiswidi cha kuombea maji. Usiku ule zilihitajika lugha za Kiarabu na Kidari, kwa hiyo alikuwa ameanza kujitoa mwenyewe. "Mimi sina faida hapa, dada," alisema. Shemasi akamrudia na swali lake, nami nikatafsiri. Mama akasema alikaa miaka kambini Nyarugusu, kule Kigoma, na kazi aliyopewa kule ilikuwa kusimamia foleni ya mgao. Shemasi aliweka kalamu chini. Kufikia saa sita usiku mama yule alikuwa mbele ya meza ya chakula, hasemi neno, anapanga watu kwa mikono na macho. Alijua kwamba baba mwenye watoto wengi husita kusogea mbele kwa aibu, kwamba msichana anayesafiri peke yake hujificha mwisho wa mstari, kwamba mtu anayepiga kelele mara nyingi ni yule aliyeogopa kuliko wote. Aliwaona wote hao kabla yetu. Zamu ya Jumanne usiku ikawa yake.

Hapo ndipo penye kiini cha ufundi wenyewe. Mratibu mbaya hugawa kazi kwa kufuata mahitaji yaliyoandikwa ukutani. Mratibu mzuri husoma maisha ya mtu aliyesimama mbele yake, akaona humo kazi ambayo hata mwenyewe hakujua kuwa anaiweza.

Ufundi huo una upande wake mgumu, nao ni kukataa. Uswidi ilijifunza hili kwa machungu usiku wa kuamkia tarehe 9 Januari 2005, dhoruba iliyopewa jina la Gudrun ilipopita kusini mwa nchi. Iliangusha miti ya takriban mita za ujazo milioni 75, misitu ya Småland ikalala chini, mamia ya maelfu ya nyumba zikakosa umeme, nyingine kwa zaidi ya mwezi. Watu saba walikufa katika dhoruba yenyewe. Wengine walikufa baada ya upepo kutulia, wakisafisha. Mti ulioangushwa na upepo huku umebanwa na mingine hujikunja ukiwa na nguvu ndani yake. Ukiukata mahali pasipofaa, unaruka. Kijana mwenye msumeno wa mota na moyo uliojaa huruma anaweza kufa mbele ya mjane aliyekuja kumsaidia. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kumwambia: wewe leo utapeleka supu na betri za tochi, msituni wataingia waliofunzwa.

Stesheni hapakuwa na misumeno, lakini hatari zilikuwapo. Walikuja watu waliotaka kuondoka na watoto usiku uleule wakawalaze nyumbani kwao. Wengi wao, naamini, walikuwa wema kabisa. Shemasi alikataa kila mmoja, kwa sauti ileile ya upole, akieleza kwamba anayefanya kazi na watoto anaombwa kwanza hati ya polisi ya kuonyesha kama amewahi kutiwa hatiani, na kwamba mtoto aliye peke yake ni wa mamlaka ya ustawi wa jamii. Kisha, bila kumwacha mtu asimame na aibu yake, alimpa jambo la kufanya. Aliyetaka kuchukua mtoto aliondoka na orodha ya viatu: vya kiume, namba 40 hadi 42, kwa sababu masanduku yalikuwa yamejaa makoti makubwa na viatu vya visigino virefu, na vijana wa Kiafghani walikuwa wanatembea na kandambili.

Aliyewahi kuona msiba ukiendeshwa vizuri Temeke au Kisumu ananielewa. Wafiwa wanalia, wageni wanamiminika, na pembeni kuna mtu mmoja na daftari anayejua maturubai yanatoka wapi, nani analala na mama mfiwa, gari la kwenda makaburini litajazwa mafuta na nani. Msiba ukiisha, hakuna anayemtaja. Historia nayo ina tabia hiyohiyo. Tufani ya Aprili 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja, na vitabu vinatueleza habari za Sultani Barghash, majahazi yaliyozama na mashamba yaliyopotea. Aliyepanga uji ugawiwe vipi asubuhi yake, sijasoma jina lake popote.

Wafadhili nao hawajapona ugonjwa huu. Wanalipia mablanketi kwa furaha, kwa sababu blanketi linapigwa picha. Mshahara wa mratibu wanauita gharama za uendeshaji na kuuliza kama unaweza kupunguzwa. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira Machi 2019, na zaidi ya watu 1,000 wakafa Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, makanisa na shule ndizo zilizogeuka malazi. Mchele bila mtu wa kupanga zamu hupikwa mara mbili mahali pamoja na kuozea penginepo. Nalisema hili kwa uchungu, maana mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia, na sharika zetu za pwani zina kwaya, zina vikundi vya akina mama, zina vijana wenye bodaboda. Nguvu ipo. Anayetakiwa ni mtu aliyefunzwa kuipanga, alipwe, na awepo kabla upepo haujavuma.

Kazi nyingine ya mratibu haionekani kabisa, nayo ni kuwachunga wanaojitolea wenyewe. Makanisa ya Uswidi yamepitia mengi katika hili: meli Estonia ilipozama Septemba 1994 na kuua watu 852, na tsunami ya Desemba 2004 ilipowaua Waswidi 543 waliokuwa likizoni. Walijifunza kwamba anayesikiliza misiba ya wengine usiku kucha naye anabeba mzigo. Shemasi wetu hakumwachia mtu aondoke moja kwa moja. Mwisho wa zamu kulikuwa na robo saa, viti vimepangwa duara, kila mmoja anasema alichokiona au ananyamaza. Alipomwona mtu anakuja kila siku, alimfuta kwenye orodha ya wiki hiyo na kumwagiza alale. Kijana mmoja alikasirika sana. Shemasi alimwambia atamhitaji Januari.

Na Januari ilikuja. Tarehe 24 Novemba serikali ilikuwa imetangaza masharti makali ya hifadhi, na tarehe 4 Januari 2016 ukaguzi wa vitambulisho ukaanza kwa wasafiri waliotoka Denmark. Stesheni ikabaki na abiria wake wa kawaida, kamera zikaenda zake. Waliokwisha kuingia walikuwa wamebaki wakingoja majibu, wengine kwa zaidi ya mwaka. Kazi ikahamia kumbi za sharika: meza za kufundishana Kiswidi, kusindikizana hospitali, kujaza fomu. Ni kazi ya polepole isiyo na msisimko wowote, na hapo ndipo lile daftari lilipoonyesha thamani yake, maana kila wiki kulikuwa na mtu wa kufungua mlango. Kijana aliyekasirika ndiye aliyefundisha hesabu.

Februari 2022 vita kamili vilipoanza Ukraini, shemasi yuleyule alilifungua daftari akaanza kupiga simu. Namba kadhaa zilikuwa zimekufa. Mama wa Bukavu alipokea. Safari hii aliongea Kiswidi, akauliza zamu ni ya usiku au ya mchana, na kama anaweza kuja na binti yake.