Ramani Inasema 4G, Gari Linasema Hakuna Mtandao

Msomaji, ramani za mtandao unazijua. Kampuni ya simu inaipaka nchi rangi: iliyokolea mjini, iliyopauka vijijini, na nyeupe kule ambako hata wenyewe wamenyoosha mikono. Ukipanga safari ya kazi unaiangalia, unaona rangi, unasema "poa, mtandao upo", unajiunga bando la wiki na kuondoka. Wenzetu wa Ulaya wanaosafiri na magari yenye vitanda na majiko ndani hufanya hivyohivyo kabla ya kwenda kupiga kambi.

Bonde la Kilombero halina magari hayo kwa wingi. Lina Land Cruiser za utafiti, zile za mkonga, zinazotoka Mlabani pale Ifakara alfajiri zikiwa zimebeba mitego ya mbu, vishikwambi, jokofu dogo na watu saba. Kwa siku tano gari ndilo ofisi, stoo, na usiku mwingine chumba cha kulala. Shida ni ileile ya Wazungu wa kambi: unataka intaneti ya kuaminika ndani ya boksi la chuma linalotembea.

Tunachosema leo ni kwamba ramani zile zinajibu swali ambalo mtu aliye ndani ya gari hakuliuliza. Hatusemi ni uongo. Zinapima kitu kingine, halafu sisi tunazitumia kana kwamba zimepima kile tunachokihitaji.

Utabiri, tena wa nje

Usidhani kuna mtu alipita na simu kila kitongoji ndipo ramani ikachorwa. Kwa kawaida kompyuta inapewa mahali mnara ulipo, urefu wake, nguvu yake, masafa yake na umbo la ardhi, kisha inakadiria mawimbi yatafika wapi. Vipimo vya barabarani vinakuja baadaye kusahihisha makadirio.

Hiyo ni sayansi nzuri, na kwa bonde kama letu inafanya kazi vizuri. Chukua urefu wa mnara kwa mita, tafuta mzizi wake wa pili, zidisha kwa 4.1: unapata umbali, kwa kilomita, hadi upeo ambapo mviringo wa dunia unaanza kuziba njia ya mawimbi. Mnara wa mita 40 unapata kama kilomita 26. Simu iliyoshikwa kimo cha mita 1.5 inaongeza 5. Kwenye tambarare ya mafuriko isiyo na kilima, hesabu hiyo inakaribia ukweli, ingawa simu ya 2G ina kikomo kingine cha kilomita 35 kutokana na jinsi mfumo unavyogawa muda. Ukisogea magharibi mambo yanabadilika. Safu ya Udzungwa inapanda kupita mita 2,500 wakati sakafu ya bonde iko chini ya mita 300, na nyuma ya kila kigongo kuna kivuli cha mawimbi.

Kufikia hapo ramani imejitahidi. Sasa ingia garini ufunge mlango.

Mwaka 1836 Michael Faraday wa Uingereza alijenga chumba kilichozungushiwa metali, akakitia umeme mkali kwa nje, na ndani vipimo vyake havikuona kitu. Gari lako ni binamu wa chumba kile, ila lenyewe lina madirisha. Wimbi la megahezi 900 lina urefu wa sentimeta 33 hivi, la 1800 sentimeta 17. Dirisha ni pana kuliko hapo, kwa hiyo mawimbi yanapita, lakini yanapita yakiwa yamechoka. Kati ya nje na ndani mara nyingi unapoteza desibeli 5 hadi 20, kutegemea umekaa wapi na mnara uko upande gani. Desibeli 10 ni kupungua mara 10. Desibeli 20 ni mara 100. Kama vioo vimebandikwa tinti yenye chembe za metali, ongeza hasara. Miili ya watu saba, ambayo sehemu kubwa ni maji, nayo inayanywa mawimbi. Yaliyobaki yanakutana na masanduku ya chuma kule nyuma.

Hebu jaribu. Kwenye simu nyingi za Android ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo hali ilivyo nzuri. Tuseme umesimama nje unasoma -98, ukikaa siti ya nyuma unasoma -110. Tofauti ni desibeli 12. Maana yake ndani ya gari kumebaki sehemu moja tu ya 16 ya mawimbi yaliyoko nje. Rangi kwenye ramani haijabadilika hata kidogo.

Vijiti vimejaa, fomu haiendi

Kero ya pili kila mtafiti anaijua. Simu inaonyesha vijiti vinne, lakini fomu 60 za kaya zimegoma kutumwa. Mbona?

Kwanza, vijiti havina kipimo kimoja cha dunia nzima. Kila mtengenezaji wa simu anaamua mwenyewe kijiti kimoja kina thamani gani. Pili, na hili ni kubwa zaidi, vijiti vinapima mnara unavyosikika kwako. Havisemi wewe unavyosikika mnarani. Mnara unatuma kwa makumi ya wati. Simu ya 4G inatuma kwa wati 0.2 hivi. Ni kama mtu mwenye kipaza sauti ng'ambo ya mto Kilombero: yeye unamsikia vizuri, wewe ukipiga kelele hakupati. Wahandisi wanafidia kwa kuupa mnara masikio makali, lakini ukiwa pembezoni fidia hiyo inaisha, na anayekwama wa kwanza ni anayetuma.

Ramani nyingi zinapakwa rangi kwa kufuata mawimbi yanayotoka mnarani. Kwa anayeangalia video, sawa, maana yeye anapokea. Kazi ya shambani iko kinyume: tunatuma fomu, picha, sauti za mahojiano. Tunatumia ramani ya mpokeaji kupanga kazi ya mtumaji.

Ongeza msongamano. Mnara una uwezo fulani ambao wote walio chini yake wanagawana, na siku ya mnada vijiti vinabaki vilevile huku kasi ikifa. Hilo nalo rangi haliwezi kulionyesha.

Asilimia ya watu, lakini watu wako wapi?

Hapa ndipo ukosoaji wetu ni mkali zaidi. Ukisikia mtandao umefikia asilimia kubwa ya nchi, uliza: ya watu au ya eneo? Hizo ni namba mbili tofauti, na inayotangazwa kwa sauti mara nyingi ni ya watu kwa sababu ndiyo inayopendeza. Kimantiki haina ubaya. Minara iwekwe watu waliko.

Swali ni waliko lini. Msingi wa kuhesabu watu nchini ni sensa, na ya mwisho ilifanyika kuamkia Agosti 23, 2022. Agosti ni kiangazi. Mpunga umeshavunwa na wengi wamerudi kijijini. Lakini wanaofanya utafiti wa malaria bondeni humu wameandika kwa miaka mingi kwamba msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashamba ya mbali, katikati ya tambarare, na kuishi kwenye vibanda kwa miezi, watoto wakiwemo. Kwa hesabu, mtu huyo "amefikiwa na mtandao", maana nyumba yake iko kandokando ya barabara. Mwezi wa Februari yeye mwenyewe yuko kwenye maji hadi magotini, mbali na barabara, mbali na zahanati, na mbu wanamfaidi.

Gari la utafiti linamfuata hukohuko. Kukosa mtandao kule kunamkera mtafiti kwa siku moja. Kwa mkulima ni hatari. Fikiria mfumo wa m-mama, ambapo mtu anapiga 115 bure kwa ajili ya mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga mwenye dharura, na mratibu anatafuta usafiri, ikiwemo madereva wa kijamii wenye magari yao pale gari la wagonjwa linapokosekana. Mnyororo huo una watu wawili wanaotegemea mawimbi: anayepiga kutoka shambani, na dereva ambaye huenda yuko ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Kwa wote wawili rangi ya ramani inasema "upo".

Dawa za dukani

Ukilalamika sana utauziwa dawa. Tuzipime.

*Kikuza mawimbi.* Kifaa hiki kinapokea mawimbi kwa antena ya nje, kinayakuza, kinayamwaga ndani. Kinasaidia pale ambapo nje mawimbi yapo na ndani hayapo. Kama nje hakuna kitu, unakuza kelele. Antena mbili zikikaribiana sana kinaanza kujisikia chenyewe, kama maikrofoni iliyosogezwa mbele ya spika ikapiga mluzi, na mluzi huo unaweza kuvuruga mnara mzima na watumiaji wake. Ndiyo maana vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA. Kile cha bei ya kutupwa kisicho na nembo, kiache.

*Antena ya juu ya paa.* Hii ndiyo dawa ya kweli, kwa sababu inaondoa chuma njiani. Lakini angalia waya. Waya mwembamba aina ya RG-58 unakula kama nusu desibeli kwa kila mita kwenye megahezi 900, na zaidi kwenye masafa ya juu. Mita 5 zinakula desibeli 2.5, karibu nusu ya mawimbi uliyopanda paani kuyafuata. Weka ruta karibu na antena, waya uwe mfupi, watu waungane kwa Wi-Fi. Pia 4G imeundwa kutumia antena mbili kwa pamoja; ukifunga moja unatupa sehemu ya kasi.

*Laini mbili za mitandao tofauti.* Wazo zuri lenye shimo. Tanzania kampuni nyingi hupanga kwenye minara ya pamoja, mfano ile ya Helios Towers. Kampuni mbili zikiwa kwenye mnara mmoja, umeme ukikatika na akiba ikaisha, zinalala pamoja. Kabla ya kununua laini ya pili, tafuta inatokea mnara upi.

Na mvua je? Watu husema mvua inaua mtandao. Matone kati yako na mnara hayana uzito wowote kwenye megahezi 900. Kinachosumbua ni majani yaliyolowa, umeme kukatika, na viungo vya mawimbi mafupi vinavyounganisha mnara na mnara. Hivyo vikiwa juu ya gigahezi 10, mvua kubwa inavipunguza nguvu kweli. Vijiti vyako vitabaki vimejaa, maana mnara wako mzima. Uliokatika ni mnara wenyewe kutoka kwa dunia.

Ramani tunayoitaka

Hatuombi rangi zaidi. Tunaomba rangi inayosema ukweli kwa mtu aliye mahali alipo. Kampuni zinaweza kuongeza tabaka la "ndani ya gari" kwa kutoa desibeli 10 au 15 kwenye makadirio yaleyale. Kazi hiyo kompyuta inaifanya dakika chache. Zinaweza kuonyesha kasi ya kutuma peke yake. Na kila asilimia ya watu inapotangazwa, iambatane na asilimia ya eneo ya wilaya hiyohiyo, tena kwa herufi za ukubwa uleule.

Wakati tunasubiri, kazi ipangwe kana kwamba mtandao haupo. Tumia programu zinazohifadhi fomu kwenye kifaa na kutuma baadaye. ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, ilijengwa kwa mazingira hayahaya. GPS nayo usiichanganye na bando: simu inasikiliza tu satelaiti, kwa hiyo mahali pa mtego utapachukua hata penye sifuri ya mtandao. Kisha tengeni vituo vya kutuma: sehemu tatu au nne za njia ambako mnajua, kwa kupima, kwamba mkisimama dakika 15 fomu zinaondoka.

Kwa hiyo mkivuka Daraja la Magufuli kuelekea Lupiro, mmoja wenu ashike daftari. Kila mnaposimama aandike mahali, saa, namba ya nje, namba ya ndani, na sekunde ilizochukua fomu moja kuondoka. Rudieni Februari, rudieni Agosti. Ramani hiyo haitakuwa na rangi za kupendeza, lakini dereva wa zamu inayofuata ataijua thamani yake kabla hajafika Malinyi.