Kosa la Kuchemsha Matope ya Mikoko

Uamuzi wa kuyachemsha matope kabla ya kutafuta ndani yake vijiumbe vya kuzalisha haidrojeni ni taksiri iliyo dhahiri, na kila aifuataye desturi hiyo asistaajabu mchujo wake ukimletea daima jamii ile ile ya Clostridium. Hatua nyingine za kazi hiyo, yaani kuondoa oksijeni chupani na kuipima gesi, hufanywa vyema, sina la kuongeza.

Hoja ya wachemshaji twaijua: moto huviua vijiumbe vya methani, ambavyo huila haidrojeni, ilhali Clostridium hunusurika ndani ya spora zake. Lakini moto huo huiteketeza pia Enterobacter isiyo na spora, nayo ni mzalishaji hodari, pamoja na vijiumbe vya zambarau vitumiavyo nuru, ambavyo tope la mikoko, kama lile la Gazi huko Kwale, ni makao yao. Kisha, na hapa ndipo hoja inapovunjika, huwasalimisha walaji wengine wa haidrojeni, kwa kuwa nao wana spora. Hamadi Boga, mwana wa Kwale, pamoja na wenzake, mwaka 2003 walikieleza kijiumbe Sporomusa aerivorans, kilichotoka tumboni mwa mchwa alaye udongo: chafanya spora, na chaichukua haidrojeni pamoja na kaboni dayoksaidi kikazigeuza asidi ya siki. Basi anayechemsha amemfukuza mwizi mmoja akamfungia mwingine ndani ya nyumba.

Wazee wa elimu hii hawakuwa na haraka ya kuchemsha. Gest na Kamen, mwaka 1949, walibainisha kwamba Rhodospirillum rubrum hutoa haidrojeni ikiangaziwa nuru, na kijiumbe hicho hakina spora ya kukinusuru na maji yachemkayo. Hasara ya kuvipoteza vijiumbe vya nuru yahesabika: molekuli 1 ya glukosi ina uwezo wa kutoa molekuli 12 za haidrojeni, lakini uchachushaji wa gizani, ukiishia katika asidi ya siki, hautoi zaidi ya 4, zilizobaki zimo katika asidi hiyo, na vijiumbe vya nuru ndivyo viwezavyo kuzitoa. Kwa Kwale, ambako miwa, yenye sukari ya kuchachushwa, imerudi mashambani baada ya kiwanda cha sukari cha Ramisi kufungwa mwaka 1988, theluthi mbili hizo si jambo la kupuuzwa.

Na kosa jingine lingali lipo: vijiumbe vya tope la bahari kulishwa chupani chakula cha maji baridi, kisicho na chumvi yao. Igawanywe sampuli, nusu ichemshwe kwa wapendao, na nusu ya pili iachwe mbichi, katika chumvi yake, mbele ya taa.