Polepole ya Nani?

Hodding Carter alikuwa mhariri wa gazeti la Greenville, mji mdogo wa Mississippi. Mwaka 1936 alichapisha picha ya Jesse Owens, mwanariadha Mweusi, na baadhi ya wasomaji Weupe wakaja juu. Mwaka 1946 tahariri zake dhidi ya ubaguzi zilimpatia Tuzo ya Pulitzer. Mwaka 1955 wawakilishi wa jimbo walimtangaza kuwa mwongo kwa kura 89 dhidi ya 19. Akawajibu gazetini kwamba waende jehanamu.

Tukiishia hapo, tuna shujaa kamili. Lakini mtu huyohuyo aliipinga sheria ya shirikisho ya kuzuia watu Weusi kuuawa na magenge. Aliamini Kusini ingejirekebisha yenyewe, polepole.

Karatasi za familia yake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi, kwa jina lake na la mkewe, Betty Werlein Carter, aliyefanya naye kazi ya gazeti. Jina hilo la pili linasahihisha hadithi ya mwanamume jasiri aliyesimama peke yake. Hata hivyo, hifadhi ya familia ni kama kitabu: ina mwandishi, nayo hubeba kile ambacho nyumba hiyo iliona kinafaa kutunzwa. Majirani Weusi wa Greenville, walioambiwa wasubiri, humo ni watu wanaozungumziwa zaidi kuliko wanaozungumza.

Tumsome Carter, na tumheshimu. Ila kila tukikutana na neno “polepole”, tuulize nani alikuwa akilipia muda huo.