Jibu la -517 na viendeshi visivyojua kungoja

Kiendeshi cha kifaa kinapoanza kazi ndani ya kerneli ya Linux, huuliza mapema: katizo langu ni namba gani? Katizo ni ile hodi ambayo kifaa huibisha kwa prosesa. Swali huenda kwa platform_get_irq, na jibu ni namba moja tu. Ikiwa chanya, ndiyo katizo. Ikiwa hasi, ni sababu ya kulikosa.

Mojawapo ya sababu hizo ni -517, yaani EPROBE_DEFER, iliyoingia Linux 3.4 mwaka 2012. Haisemi "hakuna", inasema "ngoja". Huenda kidhibiti cha makatizo chenyewe bado hakijaamka, kwa hiyo kerneli hukiweka kifaa kwenye foleni na kukijaribu tena viendeshi vingine vikishafanikiwa.

Viendeshi vingi viliona namba hasi vikarudisha -ENODEV ("hakuna kifaa") au -EINVAL ("thamani batili"), kwa mazoea tu. Mjumbe hauawi, lakini hapa barua yake ilichanwa ikaandikwa nyingine. Kerneli ikisoma -ENODEV haina sababu ya kurudi, hata kama kidhibiti kitaamka punde.

Kosa baya zaidi halionekani kwa jicho la haraka. Jibu likiwekwa kwenye unsigned int, aina isiyojua namba hasi, -517 husomeka 4294966779. Sharti la irq < 0 halitimii kamwe. Kiendeshi hukimbilia request_irq na katizo la bilioni nne na ushei, hujibiwa -EINVAL, na msaka hitilafu huanza kuchimba pasipo na kitu.

Sifuri nayo ilisumbua miaka mingi. Kuna walioandika irq <= 0, kisha return irq. Jibu likiwa sifuri, probe, yaani sehemu ya kiendeshi inayoanzisha kifaa, nayo inarudisha sifuri, na kwa kerneli hayo ni mafanikio: kifaa kinahesabiwa kimeungwa ilhali kazi iliachwa njiani. Mlango huo ulifungwa mwaka 2022. Siku hizi sifuri ikijitokeza, platform_get_irq huigeuza -EINVAL.

Tiba ni mistari miwili:

int irq = platform_get_irq(pdev, 0);
if (irq < 0) return irq;

Ujumbe wa kosa usijisumbue kuuandika. Tangu Linux 5.4, platform_get_irq huuchapa yenyewe, isipokuwa jibu likiwa -517. Hapo hunyamaza kwa makusudi.